Uvundo wa Chupa Nyeupe

"Usivuke kizingiti na najisi hiyo!"

Ghanim alisimama hapo hapo mlangoni, jua la Matrah, huku Omani, likimchoma kisogo, chupa kaificha ndani ya gazeti. Mkwewe, Bi Masouda, alishaziba pua kwa ncha ya kanga kabla hata hajaiona. Mwanamke huyu alikuwa na kinyaa, jamani! Mwaka wa nne huu tangu waje kutoka Unguja, na kila siku Ghanim akirudi kazini sharti anawe mikono mara saba ndipo apewe sahani.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza stoo ya Mzungu wa kampuni ya mafuta. Unga, sabuni, vyakula vya mikebe. Na mvinyo.

"Leo kuna nini?" aliuliza mkewe, Muhsina, mimba ya miezi saba imemtangulia.

"Nafukuzwa," alisema Ghanim. "Jana Mzungu kafungua mvinyo mweupe mbele ya wageni, unanuka. Kafungua wa pili, unanuka. Anasema mie nimezifungua chupa nikatia uchafu. Kanipa hii, kesho nimwambie nimetia nini, la sivyo nisirudi."

"Kefule!" Bi Masouda alitema mate uani. "Alhamdulillahi. Riziki ya haramu haina mwisho mwema."

"Mama, tutakula nini?" Muhsina akaangua kilio.

Ghanim aliapa hajagusa kizibo hata kimoja. Tena ajabu, mvinyo ni ule ule, umekuja kwa meli moja, umekaa rafu moja. Wa chupa za kijani mzima. Wa chupa nyeupe ndio ulionuka.

"Rafu iko wapi?" aliuliza Bi Masouda.

"Dirishani, mama. Nilizipanga zing'are, wageni wazione."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

Uso wa Bi Masouda ulikunjamana. Akamnyang'anya chupa, akaliondoa gazeti, akachomoa kizibo, akanusa mara moja tu na kuisukuma mbali.

"Uff! Kabichi iliyochacha! Astaghfirullah!"

Ghanim aliinamisha kichwa. Aliyajua yanayofuata: kwanza moto wa Jahannamu, kisha Muhsina afungashiwe nguo apelekwe kwa mjomba wake. Hayo alishatishiwa zaidi ya mara moja.

"Mpumbavu weye," alisema mkwewe, sauti ikimtetemeka kwa karaha. "Mvinyo mweupe, kwenye chupa nyeupe, unauanika wiki tatu kama papa? Mwanga ndio uliouozesha! Kijani huukinga, nyeupe haikingi kitu. Zimebaki chupa nyeupe ndani ya kasha?"

"Zimebaki sita, mama."

"Basi kamwambie Mzungu wako afungue moja ya hizo, zilizokaa gizani. Ataukuta mzima, na atajua hukutia kitu."

Muhsina alisahau kulia. Alimtazama mamake, akamtazama mumewe, akamrudia mamake.

"Nini kunitolea macho?" Bi Masouda alijifuta vidole kwa kanga. "Baba yako kafa una miaka miwili. Miaka kumi na tano funguo za stoo ya mvinyo ya Mzungu wa Shangani, kule Unguja, nilizifunga kiunoni mie. Ulidhani ukila nini?"