Bendi ya Nyuki Saba

Bendi ya Nyuki Saba haikuwahi kuwapo duniani. Profesa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana aliibuni mwenyewe, Jumanne asubuhi, kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili.

Uprofesa ulikuwa wa mtaani tu. Kazi yake ilikuwa ufundi saa. Lakini kwa miaka kumi na mitatu alikuwa na ukurasa mtandaoni wa muziki uliosahaulika: bendi zilizorekodi santuri moja zikafa, waimbaji ambao hata wajukuu zao hawakujua kama waliwahi kushika maikrofoni. Yote aliyachimbua kwenye skrini, katika magazeti ya zamani yaliyopigwa picha na orodha za wauza santuri wa ng'ambo. Saa za wateja zilimsubiri wiki mbili mbili.

Kisha akatokea mfamasia. Binti wa juzi tu, mwenye duka la dawa mtaa wa nyuma, naye akafungua ukurasa wake. Kwa mwaka mmoja akapata wafuasi mara tatu ya wale wa Profesa. Bendi aliyoitaja Profesa leo, keshokutwa binti alikuwa na picha ya mpiga gitaa, jina la mkewe na sababu ya ugomvi uliowatawanya. Wivu ulimkaba Profesa mpaka chai ikawa haipiti. Wala usingemwambia kitu: binti anamwibia. Anasoma kwake, anaongeza chumvi, anavuna sifa.

Kilichomchoma zaidi ni mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, kwenda kuchukua dawa za presha kwa adui huyohuyo na kurudi amejaa tabasamu.

"Ana masikio yule mtoto," mama alisema. "Unakwenda kwa vidonge, unajikuta umekaa saa nzima."

"Usimpe habari zangu, mama."

"Zako? Wala haziulizi," mama akajibu, akaendelea kutafuta miwani yake.

Ndipo Profesa akatega mtego. Aliandika kwamba amegundua bendi iitwayo Nyuki Saba, akaweka mwaka, akaweka hadi rangi ya mlango wa studio, akasema mwimbaji wao alikuwa mwanamke aliyetoweka baada ya santuri moja. Uongo mtupu. Alipofika kwenye maneno ya wimbo akakwama. Chumba cha pili mama yake alikuwa akipiga pasi huku akiimba chini chini kama kawaida yake. Redio mbovu, Profesa humwita kwa utani. Akakuna kichwa kidogo, na maneno yakaja yenyewe: Usipige hodi mpenzi, mlango unakujua. Akayapenda. Akajisifu moyoni kwamba kumbe na utunzi anao, akabonyeza.

Siku tisa, kimya. Siku ya kumi mfamasia akatangaza kwamba mwimbaji wa wimbo huo amempata, yu hai, na atamtambulisha Jumamosi katika ukumbi wa maktaba.

Profesa alicheka peke yake mpaka mteja aliyeleta saa ya ukutani akaikumbatia akaondoka nayo. Jumamosi hiyohiyo maktaba ingemtangaza mtunzaji wa hazina yake mpya ya santuri, na waliobaki kwenye orodha walikuwa wawili tu, yeye na binti. Hakuna kitu alichokitamani maishani kama kile chumba cha santuri chenye rafu mpaka darini. Kila alipomfikiria yule msichana na ufunguo wake mfukoni, roho ilimuuma kama jino. Sasa msichana amejileta mwenyewe.

Siku ilipofika alitaka mama ampigie pasi shati, akakuta pasi ina kazi. Mama alikuwa akinyoosha gauni lake la kijani, lile la harusi za watu. Alisema amealikwa mahali. Profesa hakuuliza ni wapi. Alikuwa na hotuba ya kukariri mbele ya kioo.

Ukumbi ulifurika. Alichelewa kidogo, akapata kiti nyuma kabisa, na kabla binti hajamaliza hata salamu, yeye akasimama.

"Hakuna Nyuki Saba," alisema, sauti ikimtetemeka kwa raha. "Niliwabuni mimi. Jina, mwaka, wimbo, vyote vimetoka kichwani mwangu. Nilitaka watu wamjue mwizi. Kama mwimbaji huyo yupo, mlete tumwone."

Watu wote wakageuka kumtazama mfamasia. Hakukasirika. Alimwangalia Profesa vile anavyomwangalia mtu aliyekuja dirishani na cheti cha dawa kisicho chake.

"Jina la bendi nilijua umekosea," alisema. "Na mwaka pia. Lakini yale maneno ya wimbo, Profesa, uliyaandika sawasawa. Nilimsomea kila mzee anayekuja kuchukua dawa, na wa sita akanimalizia."

Akanyoosha mkono kuelekea safu ya mbele. Gauni la kijani likainuka taratibu. Mwenye gauni akashika mgongo wa kiti, akasafisha koo, wala hakugeuka nyuma.

"Usipige hodi mpenzi, mlango unakujua," mama yake akaimba, kisha akaingia kwenye mstari wa pili, ambao Profesa hakuwahi kuubuni: "Ingia taratibu mpenzi, mtoto wetu amelala."