Kitufe cha Kumbusha

Mama Muhuri alibonyeza kitufe cha KUMBUSHA mpaka kucha ikamuuma. Kompyuta ikamjibu vilevile kama ilivyomjibu tangu asubuhi: Muuzaji namba saba amekumbushwa. Uso wake bado haujaonekana.

"Amelala," alisema peke yake. "Mtu ana vali yangu, halafu amelala!"

Hospitali nzima ilimwita Mama Muhuri, ingawa muhuri wenyewe ulishakauka wino kabatini. Zamani, afisa manunuzi akitaka kitu alipiga simu dukani, akabembeleza bei, akagonga muhuri, kitu kikaja. Siku hizi kila kitu kinanunuliwa kwenye mfumo wa serikali, na mwezi huu sheria zimebadilishwa tena. Mnunuzi haoni jina la muuzaji wala simu yake mpaka zabuni ifungwe. Anaona namba tu. Na muuzaji, siku ya kufunga, lazima ajitokeze mwenyewe mbele ya kamera ya simu yake na kupepesa macho, mfumo ujue kuwa yu hai. Eti kuna watu walikuwa wakiuza kwa majina ya marehemu.

Aliyekalia kiti hicho kabla yake alifukuzwa kwa kuongea na muuzaji pembeni. Mama Muhuri alikuwa na watoto wa kusomesha, hakutaka kujaribu. Alichoruhusiwa ni kitufe.

Na alichokuwa akikitafuta si kikubwa hivyo: vali ya mashine ya oksijeni, kitu cha kuenea kiganjani. Wodi ya wanaume ilikuwa na mashine mbili, na moja ilikufa jana asubuhi. Akatangaza zabuni ya dharura, ifungwe leo saa kumi alasiri. Wauzaji saba wakajitokeza. Sita hawakuwa na vali; waliahidi kuiagiza nje ya nchi. Wa saba aliandika jana mchana, maneno machache ya mtu wa kazi: Ninayo dukani. Nikipata kibali naileta saa hiyohiyo.

Saa kumi ikipita bila uso wake, mfumo ungemtupa nje na kumpa kazi mmoja wa wale sita. Mama Muhuri alikwenda kwa mkuu wake kuomba ruhusa ya kuzunguka madukani kwa miguu, aulize mwenyewe. Mkuu hakuinua hata uso.

"Ukinunua nje ya mfumo, mimi na wewe wote tunarudi nyumbani."

Akashuka wodini roho mkononi. Wagonjwa wawili walikuwa wakipokezana mashine moja: dereva mmoja wa lori, na babu wa kitanda cha dirishani, aliyeletwa jana jioni na majirani.

"Huyu babu ndiye ananinyima raha," Sista alimnong'oneza. "Kuongea hawezi, pumzi haimtoshi. Kutwa ananionyesha hicho kikabati. Nikimpa maji anayasukuma."

Juu ya kikabati palikuwa na kikombe cha maji, basi.

"Labda anataka vitu vyake?"

"Miwani, simu, rundo la funguo. Vyote nimevitia drooni, ndiyo sheria ya wodi. Wazee hawa, Mama Muhuri! Nikifuata kila kidole sitafanya kazi."

Babu alikuwa amemkazia macho Mama Muhuri. Hakumtazama usoni, alitazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake, pale palipoandikwa MANUNUZI. Akainua kidole, kwanza kwenye kitambulisho, kisha kwenye kikabati.

Mama Muhuri akamsogelea. Akamshika mkono.

"Vumilia, babu. Vali inakuja. Kuna mtu anayo hapa hapa mjini."

Babu akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena na tena, machozi yakimtiririka. Mama Muhuri akadhani ni furaha, akaona aibu kumpa matumaini ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Aliporudi ofisini alibonyeza tena. Amekumbushwa. Akabonyeza. Amekumbushwa. Hasira ikampanda, akamtukana namba saba matusi ambayo mama wa watu hayasemi mbele ya watu. Aliwaza duka lenye feni, mwenye duka ameshiba, miguu juu ya kiti, simu imetupwa huko.

"Alale hivyohivyo, asiamke!"

Saa kumi ilipokaribia hakuweza kukaa. Akafungua mfumo kwenye simu yake, akaenda nao wodini huku akiutazama njiani.

Sista alikuwa akivuta shuka kwenye kitanda cha dirishani. Aliivuta taratibu mpaka ikafunika kichwa.

"Sasa hivi tu," alisema. "Ilikuwa zamu ya mwenzake."

Mama Muhuri akasimama pale kama aliyemwagiwa maji. Kwa babu mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini kitanda cha pili kilikuwa na mtu anayehema, na saa kumi ilikuwa bado kidogo. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akabonyeza KUMBUSHA mara ya mwisho.

Droo ya kikabati ikanguruma.

"Hao watakuwa ndugu zake," Sista alisema, akaivuta. Akatoa simu chini ya rundo la funguo, akakunja uso. "Mbona siielewi hii? 'Muuzaji namba saba, onyesha uso wako. Pepesa macho.'"