Pumzi kwenye Kapasita

Leokadia alibonyeza kinanda, sauti ikatoka imelegea kama ya mlevi. Wanakwaya wakageuka kumtazama. Mbele yao, chini ya altare, lilikuwa jeneza la baba yake.

Kinanda hicho cha umeme baba alikiunda mwenyewe kwa vipuri vya redio mbovu, akafa hajakimaliza. Aliomba kimwimbie siku ya kuzikwa.

Ni yeye aliyemfundisha kupima kapasita, kidude kinachoshikilia sauti, kwa kuipulizia pumzi ya moto. "Sauti ikiyumba, kapasita hiyo itupe, mama. Huku kwetu baridi itakuumbua."

Jana, mjini Morogoro, Leokadia alizunguka na kinanda maduka yote ya vipuri. Kila kapasita aliyoipulizia, sauti iliyumba. Mwishowe akachomelea ile iliyoyumbisha sauti kidogo tu, na joto la mjini likamfichia kasoro yake. Leo, huku juu Uluguru, ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya kanisa.

"Tupe sauti, dada," kiongozi wa kwaya alinong'ona. "Padri anasubiri."

Akafunua kifuniko, akaibana kapasita kuipasha joto. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bati. Akainama, mkono mmoja ukibonyeza kinanda, akaisogezea mdomo, akaipulizia taratibu. Sauti ikapanda, ikakaa pale pale baba alipoitaka. Alipoacha tu, ikaanza kushuka.

Akapulizia tena. Kilio kilimpanda kooni, akakimeza, kwani angelia, pumzi ingekatika.

Kwaya ikaingia ubeti wa kwanza. Wimbo ulikuwa na beti saba.