Chumvi ya Mwenyekiti

Mbuzi wa bondeni walimchagua Nguruwe kuwa mwenyekiti wa bwawa kila mwaka, kwa sababu asubuhi ya uchaguzi aliwagawia chumvi ya kulamba. Akishashinda, aligaagaa bwawani mpaka maji yakawa tope.

Kanga, ambaye vifaranga wake walikuwa wakiharisha kwa maji hayo, alimwendea Mbuzi Mzee.

"Babu, safari hii mchagueni Punda. Yeye maji machafu hayagusi."

"Mjukuu wangu, mimi nimekula chumvi nyingi," alijibu Mbuzi. "Ukoo wetu ni wa Nguruwe, basi."

Kanga hakubishana. Alimwomba tu Nguruwe kura zipigwe alasiri badala ya asubuhi, ili amalize kwanza kazi za nyumbani. Nguruwe alicheka, akakubali.

Siku ilipofika, mbuzi walilamba chumvi kama kawaida. Adhuhuri makoo yaliwakauka, wakakimbilia bwawani. Nguruwe alikuwa amejilaza humo, akisubiri ushindi, na maji yote yalikuwa uji mweusi.

Alasiri mbuzi wote walijipanga nyuma ya Punda.

"Mzee, si umekula chumvi yangu?" Nguruwe alifoka.

"Nimeila," alisema Mbuzi, "na kiu ndiyo iliyonileta mstari huu."