Mchicha wa Kobe

Tangu mafundi waanze kujenga chumba cha uani, Mwanakheri alikuwa akiingia kila asubuhi kwenye banda la kobe wa mumewe kuokota misumari na vipande vya vigae, kwani kobe humeza chochote king'aacho.

Alikuwa ameinama na kopo lake la misumari pale mumewe, Shaweji, aliposimama nyuma yake.

"Pumzika sasa, Bi Mkubwa," alisema kwa upole. Hakuwahi kumwita hivyo. "Chumba ni cha mke mwenzio. Anaingia Ijumaa. Kobe atawalisha yeye."

"Anawapenda?"

"Kuliko hata mimi," Shaweji alicheka, akatoka.

Mwanakheri alikatakata mchicha, akamimina kopo lote juu yake, akachanganya kwa mkono. Kobe walimjua. Walijikokota hadi miguuni pake, wakanyoosha shingo.