Amina ya Kiboko

Kiboko, spika wa baraza la wanyama, alioga bwawani kila alfajiri, wengine wakabaki kunywa tope. Njiwa, mchungaji wao, akaomba itungwe sheria: wadogo wanywe kwanza.

"Mchungaji, siasa tuachie sisi," Kiboko alimwambia. "Wewe tufungulie kikao kwa sala, kama ilivyo desturi."

Njiwa akainamisha kichwa. "Ee Mola, wadogo wanywe kwanza, wakubwa waoge baadaye."

"Amina!" baraza zima likaitika. Kiboko, aliyependa kuonekana mcha Mungu, aliitika kwa sauti kuliko wote.

"Mheshimiwa Spika," akasema Njiwa, "anayepinga na aseme sasa."

Kiboko akapanua kinywa, akaona macho yote yako kwake, akakifumba.

Kesho yake alisubiri panya amalize kunywa.