Jiwe ndani ya Chapeo

Fundi bati alikaza waya kwa koleo, akaitikisa chapeo, akategea sikio. Kimya. Jiwe la mizani la kilo moja, aliloliazima kwa muuza vitunguu, lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya paji kama kupe. Atakayeivaa kofia hii ya bati, kichwa kitamwinamia mbele apende asipende.

Na wa kuivaa alikuwa mchungaji, baba wa binti anayempenda.

Jamani, mzee yule! Kila akiombwa ruhusa ya ndoa, jibu ni lile lile: "Tutaona." Binti kalia, mama kabembeleza, mashangazi wamekuja na kurudi. "Tutaona." Fundi alikonda mpaka mshipi wake ukaishiwa matundu.

Ndipo mchungaji alipomwagiza vazi la vita la bati, alivae akihubiri juu ya silaha za Mungu alizozitaja Mtume.

"Kuna neno la Kigiriki, panoplia," alimwambia, macho yakimcheka, maana mzee akishagusa Kigiriki hashikiki. "Maana yake silaha zote, seti nzima: chapeo, dirii ya kifuani, mshipi, ngao, viatu, upanga. Kikipungua kimoja, hiyo si panoplia tena. Na kikizidi nitakijua, usinione nimezeeka."

"Hakitazidi, baba mchungaji," fundi alisema, na papo hapo wazo likamwingia.

Binti aliposimuliwa mpango, alicheka hadi akakaa chini. "Wewe mtu una wazimu! Basi kuuliza niachie mimi."

Jumapili ikafika. Mchungaji alitoka chumba cha nyuma akilia kwala-kwala kama kabati la vyombo linalohamishwa. Watoto walishangilia. Aliinua ngao, akazungusha upanga nusura ampige mwimbishaji kwaya, kisha akashusha kifuniko cha uso. Sauti ikawa ya mtu aliyetumbukia pipani, hakuna aliyeambulia neno.

Binti akasimama.

"Baba! Mbele ya kanisa lote: unaniruhusu niolewe na fundi bati?"

Nyuma ya nguzo, moyo wa fundi ulikuwa ukigonga kuliko nyundo yake.

Chapeo ilisimama wima. Wima kabisa. Mungu wangu, nimekwisha, fundi alijisemea.

Halafu ikainama. Taratibu. Ikainuka, ikainama tena.

"Kakubali!" alipiga kelele mtu, na vigelegele vikapasua paa. Mama wa binti alikwisha kumrukia fundi shingoni. Fundi alicheka, akalia, akacheka tena, asijue ashike lipi.

Ibada ilipokwisha, mchungaji alimwita chumba cha nyuma aje amfungue. Fundi alilegeza mikanda ya dirii. Kuigusa chapeo hakuthubutu. Mzee aliivua mwenyewe kwa vidole viwili, akaitupia mezani. Ting!

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa suruali, uliokuwa umelemewa upande mmoja, akatoa jiwe la mizani, waya bado unaning'inia, akamwekea fundi kiganjani.

"Mrudishie mwenye mizani," alisema. "Mtume hakulitaja hili, mkwe."